Mimba ya Sponji

Jina la Mama Sponji halikubandikwa na adui. Lilibandikwa na wifi yake mwenyewe, sebuleni kwa mama mkwe, mchana kweupe, watu wakiwa wameshiba na wanatafuta cha kuchekea.

Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Alikuwa na karakana ndogo, upande mmoja marobota ya sponji yamepangwa hadi darini, upande wa pili vitambaa, na katikati siku zote kulikuwa na kochi la mtu limevuliwa nguo, mbavu zake za mbao zikiwa nje. Mtaani walimwita Fundi, na jina hilo alilipenda kwa sababu alilitolea jasho. Alikuwa na mikono ya kuvuta kitambaa mpaka kikae kama ngozi, na alikuwa na mdomo mzito. Si kwamba hakuwa na la kusema, ila alikuwa mtu wa kungoja neno liive kwanza.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, aliumbwa kinyume chake. Alikuwa akikodisha nguo za maharusi na kupamba kumbi, na kwao walimwita Redio tangu akiwa msichana mdogo, kwa sababu habari ikishamwingia sikioni haikai, inatokea mdomoni. Watu walimpenda Redio. Alijua kuchekesha, alijua kubembeleza, na ukimkasirikia alikuwa na namna ya kukukumbatia mpaka ukaona wewe ndiye mkorofi. Hata Fundi, alipoolewa, alimpenda.

Mwaka wa pili wa ndoa, Fundi alichelewa kuona siku zake.

Mwanzoni hakushtuka. Mwili wake ulikuwa na vituko kila mwezi kabla ya hedhi: matiti kujaa, tumbo kuvimba kama limepulizwa, machozi ya bure, hasira za kumrushia mtu koleo. Aliyazoea hayo. Lakini safari hii siku zikapita, na matiti yakaendelea kuuma hata akijifunga aproni. Usingizi ukawa unamnyemelea juu ya cherehani. Halafu ikaja ile asubuhi alipofungua kopo la gundi, gundi ileile aliyoinusa miaka yote bila hata kukunja pua, na tumbo likampanda hadi kooni. Alitoka nje akashika ukuta, akatema mate, na huku anatema alikuwa anatabasamu.

Jioni alimwambia mumewe neno moja tu. "Labda."

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole, asiyejua kugombana na mtu yeyote, na hasa dada yake. Alimshika Fundi mikono, macho yakamlowa.

"Kweli?"

"Nimesema labda. Nataka nipime kwanza. Usimwambie mtu, mume wangu. Hata mama usimwambie."

"Nimwambie nani tena?" akasema.

Jumapili hiyo walikuwa kwa mama mkwe, familia nzima imekaa. Fundi alikuwa amebeba trei ya bilauri anatoka jikoni, aliposikia sauti ya Redio ikipaa: "Mama! Unakaaje hivyo na miguu imekunjwa? Amka ucheze, unapata mjukuu!"

Vigelegele vikalipuka. Mama mkwe akaja kumkumbatia na trei yake mkononi, bilauri zikigongana. Fundi alimtazama mumewe juu ya bega la mama. Mumewe alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Wiki haikuisha. Yalianza matone ya rangi ya chai, na wanawake wa familia wakamwambia kwa simu asiogope, hayo ni mtoto anajishikiza. Kesho yake damu ikaja yenyewe, nzito, na maumivu ambayo hakuwahi kuyajua, akajikunja sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa.

Nesi wa zahanati alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. "Ulipima?" alimuuliza.

"Sikuwahi. Nilikuwa nangoja."

"Basi sikiliza, mwanangu. Dalili zote ulizonitajia zinaweza kuwa za mimba changa, na zinaweza kuwa za siku zako tu zilizochelewa. Uchovu, matiti, tumbo kuvuta, hata kichefuchefu. Ukifanya kazi bila kupumzika, ukawa na wasiwasi, siku zinachelewa. Mwili mmoja, homoni zilezile, unadhani zitaleta lugha mbili? Kinachotenganisha ni kipimo, na upime siku zikishapita."

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu?"

Nesi aliweka kalamu chini. "Labda hakikuwepo. Labda kilikuwepo kikatoka mapema sana, inatokea kwa wengi. Kwa sasa sina njia ya kukwambia ni lipi, na sitaki kukudanganya."

Hilo ndilo Fundi alilorudi nalo nyumbani. Hakuambiwa amefiwa, wala hakuambiwa hajafiwa. Alikaa na neno hilo kifuani kama mtu aliyekabidhiwa mzigo na mwenyewe hajulikani.

Jumapili iliyofuata alijikaza akaenda. Walikuwa wamemaliza kula. Mtu fulani, mjomba au nani, aliuliza kwa nia njema tu, "Sasa ile mimba ikawaje?" Kabla Fundi hajafungua mdomo, Redio alishadaka.

"Jamani, si mnajua wifi yangu ni fundi wa makochi? Alijaza sponji! Ilikuwa mimba ya sponji, ikalowa, ikabonyea!"

Chumba kikaangua kicheko. Mama mkwe alijiziba mdomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Na mumewe, aliyekuwa ameketi karibu naye paja kwa paja, alicheka. Kicheko kifupi, cha puani. Fundi alikisikia.

Toka siku hiyo akawa Mama Sponji. Kwenye kundi la familia la simu walimtumia picha za magodoro. Harusini, mwanamke asiyemjua alimshika bega akamuuliza, "Kumbe wewe ndiye yule wa sponji?" Redio alipokuwa akimwita hivyo alikuwa anamkumbatia, na kila aliyenuna aliambiwa hajui utani.

Fundi hakununa. Hakulia, wala hakulalamika kwa mumewe. Aliliweka. Alilifungia ndani akawa analirudia kila siku akifanya kazi. Kila pini aliyokita kwenye fremu alijua ameikita kwenye uso wa nani. Miezi ikapita, mimba haikuingia, na kinyongo chake kikawa ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakua ndani yake.

Kisha Redio akapata mchumba.

Mchumba alikuwa kijana mtulivu, mpima ardhi, mtoto wa pekee wa mama mmoja aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi. Kila mtu alimwita Matroni, na hata baada ya kustaafu alikuwa na macho ya kumkagua mtu toka nywele hadi viatu. Ilisemekana alishawahi kumwambia mwanawe kwamba mkwe atampokea kwa mikono miwili, ila asimletee aibu ya tumbo mbele ya gauni. Siku ya familia mbili kukutana ikapangwa. Gauni la Redio, kubwa kuliko yote aliyowahi kukodisha, lilikuwa limeshapimwa na kubanwa kiunoni.

Mchana mmoja Fundi alikuwa amepiga magoti anang'oa pini kwenye kochi kuukuu. Mlango ukasukumwa, Redio akaingia. Hakuwa na kicheko. Alirudishia mlango nyuma yake, akaketi juu ya robota la sponji.

"Wifi," akasema, "nina shida."

"Sema."

"Sijaona siku zangu."

Fundi aliendelea kuvuta pini.

"Umechelewa sana?"

"Bado, ndio kwanza zinatakiwa kuja. Lakini matiti yananiuma, naona usingizi, jana nimelia kwa sababu ya wimbo wa tangazo la sabuni. Nitajuaje? Wewe yalikutokea haya. Uliona dalili gani?"

Kwa muda Fundi hakuamini masikio yake. "Kwa nini umekuja kwangu?"

Redio alimtazama kama vile swali lile lilikuwa la kitoto. "Nimwambie nani mwingine? Rafiki zangu nawajua, kufika jioni mji mzima utakuwa unajua. Nikienda duka la dawa, kila muuzaji nimempambia harusi. Wewe huna mdomo, wifi. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini."

Akaanza kulia, pale pale juu ya sponji.

Fundi aliweka koleo chini. Alimtazama mtu aliyekuwa akimwaza kila siku kwa muda wote ule, sasa amejileta mwenyewe, amejiweka juu ya meza. Alikuwa amewahi kuota kisasi cha kila namna, lakini hakuwahi kuota kilicho rahisi namna hii.

"Futa machozi," akasema. "Kipimo nitakununulia mimi. Ila usipime sasa. Ukipima mapema kitakwambia huna, na kumbe unayo. Subiri."

Hayo yalikuwa kweli tupu. Ndiyo maana yalimtoka kwa urahisi.

Redio akawa anakuja kila siku. Anafunga duka lake la nguo mapema, anapita njia ya nyuma, anaketi karakanani. Fundi alimpa koleo akamfundisha kung'oa pini, ili asikae bure, na yule mpambaji wa kumbi mwenye kucha ndefu alikuwa anang'oa pini za makochi ya watu huku anaulizia mwili wake.

"Leo tumbo la chini linavuta, wifi. Ni siku zinakuja, au siyo?"

"Inaweza kuwa siku zinakuja. Mimba nayo huvuta hivyohivyo."

"Chunusi imenitoka hapa kidevuni. Hiyo si ya siku?"

"Mara nyingi. Lakini hata mjamzito hutoka chunusi."

"Nakojoa sana."

"Umekunywa maji mengi?"

"Sijui. Sikumbuki. Labda."

"Basi labda."

Neno hilo Fundi alikuwa analitamka polepole, analionja. Labda. Hakumdanganya kwa lolote. Alimpa kila jibu na pande zake zote mbili, kama nesi alivyompa yeye. Tofauti ni kwamba nesi alikuwa na huruma. Fundi alikuwa anamtazama Redio akigeuka kila upande bila kupata pa kushika, na akirudi kwenye cherehani alikuwa anajikuta anaimba. Seremala wa jirani, mzee aliyekuwa akimchongea fremu, alimwuliza amepata tenda gani kubwa, maana hajamsikia akiimba tangu amfahamu.

Siku za Redio zikafika, zikapita. Sasa kipimo kingesema ukweli. Fundi alilijua hilo vizuri. Alikuwa hata ameshakinunua, kilikuwa ndani ya droo chini ya mikasi.

"Wifi, siku zimepita. Nipime?" Redio aliuliza. Alikuwa amekonda usoni. Asubuhi hiyo pafyumu ya bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni ilikuwa imemfukuza hadi chooni. "Naona sasa nipime."

"Bado," Fundi akasema.

"Lakini ulisema zikishapita."

"Zipite vizuri. Unataka kikudanganye, halafu ukae mbele ya Matroni na uongo tumboni?"

Hapo ndipo alipotoka kwenye ukweli akaingia kwenye ubaya, na aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Alitaka Redio afike kwenye ile siku ya familia mbili akiwa hivyo, hajui. Alikuwa amepanga neno lake. Watu wote wakishaketi, atasimama na trei, atasema kwa sauti ileile: Mama, amka ucheze, unapata mjukuu. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati la mteja, mpaka akaliweka sawa.

Siku ikafika. Sebule ya mama mkwe ilikuwa imejaa, viti vimeazimwa kwa majirani. Upande mmoja Matroni ameketi wima, mkoba mapajani, mwanawe pembeni yake na ndugu wachache. Upande wa pili mama mkwe, wajomba, shangazi, mume wa Fundi katika shati jipya. Redio alikuwa amevaa vizuri, amejipaka vizuri, lakini mikono yake ilikuwa haina mahali pa kukaa. Akikutana macho na Fundi alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemshukuru mlinzi wake. Na tabasamu lile, Mungu anajua, lilianza kumtia Fundi udhaifu. Alijikuta anafikiri labda aache. Labda ampe tu kipimo chake jioni, yaishe.

Watu walikula. Mazungumzo yakapooza, kukawa na ule ukimya wa wageni wasiojuana. Na Redio alikuwa hawezi ukimya. Hofu ilimpanda, na hofu ikimpanda alikuwa na dawa moja tu, kuchekesha watu.

"Matroni," akasema akimwelekezea kidole Fundi aliyekuwa anakusanya sahani, "huyu hapa usimwone kimya hivi. Ni wifi yangu, fundi wa makochi. Huyu alishabeba mimba ya sponji!"

Upande wao ukacheka, kwa mazoea. Mume wa Fundi naye, kile kicheko chake cha puani.

Udhaifu wote ukamtoka Fundi kama maji kwenye ndoo iliyopasuka. Aliweka sahani chini.

Matroni hakucheka. "Mimba ya sponji ndiyo mimba gani?" akauliza.

"Mweleze, wifi," Fundi akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mweleze vizuri. Siku hizi wewe unayajua kuliko mimi."

Redio aligeuka akamtazama, akaona lile jicho, na kwa mara ya kwanza akaelewa amekuwa akiketi kwenye karakana ya nani.

"Ni utani tu," akasema haraka. "Alidhani ana mimba, ikaja kuwa siyo."

"Kwa nini nilidhani?" Fundi akauliza. "Nilikuwa nadanganya?"

"Hapana. Hukudanganya." Akawageukia wengine. "Hakudanganya, jamani. Dalili zinafanana. Matiti yanauma vilevile. Tumbo linavuta, unasema afadhali, siku zinakuja, halafu haziji. Unachoka kama umebeba mawe. Kila ukienda chooni unaangalia. Unaomba uone doa tu, hata doa. Mtu anapita na pafyumu, roho inakupanda. Unalala unajipapasa, unasema jana yaliuma zaidi, leo yamepungua, labda ni siku. Asubuhi unaamka yanauma tena. Na huwezi kumuuliza mtu, na kila unachosoma kinakwambia labda, labda, na siku zinaenda, na gauni limeshabanwa..."

Akanyamaza.

Matroni aliweka bilauri yake juu ya meza, taratibu, isilie. "Mwanangu," akasema, "hayo uliyoyasema ni ya wifi yako, au ni ya kwako?"

Redio hakumtazama Matroni. Hakumtazama hata mchumba wake aliyekuwa ameinuka nusu kwenye kiti. Alimtazama Fundi. Na Fundi alikuwa na neno la kumwokoa, limeshaiva, liko kwenye ncha ya ulimi: mimi ndiye niliyemsimulia. Maneno matatu. Hakuna ambaye angebisha, maana kila mtu alijua Fundi hasemi ovyo.

Alichukua jagi la maji. Akajimiminia bilauri, akaijaza, akanywa yote bila kupumzika. Hata ile kauli aliyoifanyia mazoezi hakuihitaji tena.

"Una mimba?" mchumba akauliza.

"Sijui!" Redio akapiga kelele. "Sijui! Ndiyo shida yenyewe, sijui!"

Matroni alisimama, akaweka mkoba wake sawa begani. Akawashukuru kwa chakula, kwa heshima iliyokuwa baridi kuliko tusi, akasema yaliyobaki yatazungumzwa siku nyingine. Ndugu zake wakamfuata. Kijana alibaki nyuma kidogo, akamshika Redio kiwiko, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, kisha naye akatoka.

Mama mkwe hakungoja. Alivaa viatu akaenda mwenyewe duka la dawa, jua la saa tisa, mtaa mzima unamwona, akarudi na kipimo mkononi hata hakukifunga kwenye karatasi. Walimsubiri Redio nje ya mlango wa choo kama watu wanaongoja majibu ya mahakama. Mstari ulikuwa mmoja. Hakuwa na mimba. Kesho yake asubuhi siku zake zikaja, na matiti yakaacha kuuma kana kwamba hayakuwahi kuuma.

Lakini wakati huo Matroni alikuwa ameshaahirisha harusi. Na kwenye kundi la familia, mjomba mmoja asiyejua kukaa kimya alituma picha ya godoro na kuandika: sponji ya pili hiyo. Vicheko vikamiminika. Redio akajitoa kwenye kundi.

Fundi aliyasoma yote hayo akiwa kazini. Ilikuwa tamu. Asidanganye mtu kwamba haikuwa tamu. Alivuta kitambaa cha kochi la mteja kikakaa bila mkunjo hata mmoja.

Wakati wa kurudi nyumbani siku ile ya mkutano, mumewe alikuwa ametembea mbele yake bila kusema. Walipofika mlangoni aligeuka.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Alikuja kwako, na hukumpa kipimo?"

"Sikumpa."

"Ungeweza kumwokoa pale kwa neno moja. Ni dada yangu!"

"Na mimi nilikuwa mke wako," Fundi akasema. "Uliketi pembeni yangu, paja kwa paja, na neno moja hukuwa nalo. Kicheko ulikuwa nacho. Hata leo umecheka."

Mumewe alishika kitasa cha mlango.

"Redio alitangaza tu," Fundi akaendelea. "Redio ndiyo kazi yake. Ile habari mimi nilimpa mtu mmoja. Nimemaliza na dada yako. Wewe bado."

Hakumwambia atamfanya nini, na hilo lilimtesa yule bwana kuliko kipigo. Alipika, akafua, akamsalimu, akamjibu alichoulizwa, lakini hakumwambia tena lolote lililomhusu yeye mwenyewe. Akiumwa hakusema. Akifurahi hakusema. Mumewe akawa kama mpangaji. Mwisho alishindwa. Jumapili moja, sebuleni kwa mama yake, alisimama bila kuombwa, akasema mbele ya wote kwamba mkewe alimpa siri akaivujisha, kwamba huenda kulikuwa na mtoto na huenda hakukuwa, na kwamba yeye alicheka. Sauti ilimkatika alipofika kwenye kucheka. Mama mkwe alianza kulia. Fundi hakumsaidia kumaliza sentensi. Ila jioni hiyo alimwambia kwamba mgongo unamuuma, na mumewe akaenda kumtafutia maji ya moto mbio kama aliyetunukiwa.

Redio alikuja karakanani siku chache baadaye. Alibaki amesimama mlangoni, hakuketi.

"Umeniua, wifi."

"Sasa tuko sawa."

"Hatuko sawa." Macho yake yalikuwa makavu. "Mimi nilikufanyia bila kujua linavyouma. Nilidhani ni mchezo. Wewe ulikuwa unajua. Kila siku nilikaa pale, unanitazama, na ulikuwa unajua."

Fundi aliokota pini sakafuni. "Ndiyo," akasema. "Nilijua. Ndiyo maana nililifanya sawasawa."

Redio akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka anasema... ile yako. Kumbe ilikuwepo?"

"Sitajua kamwe. Nesi alisema labda."

"Sikujua hilo."

"Hukuuliza."

Redio alitikisa kichwa polepole. Akaangalia lile robota la sponji alilokuwa akilikalia, akageuka, akaondoka. Hakuomba msamaha, na Fundi naye hakuomba. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

Yule kijana mpima ardhi alikuwa mtu wa msimamo kuliko watu walivyodhani. Alimkalia mama yake kooni mpaka akalegea, na baada ya miezi kadhaa walioana, harusi ndogo, gauni la kawaida. Fundi alikwenda, akakaa viti vya nyuma, akala, akapiga makofi panapopigwa. Jina la Mama Sponji halikutamkwa tena na yeyote, si siku hiyo wala baadaye. Redio alihamia upande wa pili wa mji na mumewe, na walipokutana na Fundi msibani au kwenye shughuli waliamkiana vizuri, kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja.

Kisha ikaja siku mteja mmoja, amekuja kuchagua kitambaa, akamwambia Fundi kwa furaha kwamba amekutana na wifi yake sokoni, na tumbo limeshakuwa kubwa, anakaribia kabisa. Fundi hakuwa anajua. Mama mkwe hakuwa anajua. Mtu aliyekuwa hawezi kuhifadhi habari tangu asubuhi hadi mchana, hii aliihifadhi mpaka tumbo likasema lenyewe.

Ilimchoma kidogo kusikia kwa mtu baki. Alikaa na mchomo huo, akaona kuficha ni haki ya mwenye habari, akamwuliza mteja anataka kitambaa cha maua au cha rangi moja.